Wazee wanaolala kitandani: fundisho la wauguzi kwa wachunga wa roho

Katika kila parokia kuna daftari ya wagonjwa. Katekista anaiandika, paroko anaisoma, na mbele ya sikukuu kubwa sisi mapadri twapita nyumba kwa nyumba kuwaungamisha na kuwapa Komunyo. Tukiangalia majina ya daftari ile, twaona kwamba wengi si wagonjwa wa homa wala wa ajali, ambao watapona upesi au watakufa upesi. Ni wazee: baba ambaye miguu yake haimchukui tena, mama aliyepooza upande mmoja, mjane ambaye watoto wake wamekwenda mjini au wamekimbia vita, naye amebaki na mjukuu mmoja tu. Majina yao yanakaa katika daftari mwaka hata mwaka.

Tunaingia, tunasali, tunatoa Sakramenti, tunaaga. Mara nyingi mzee amelala chali chini ya bulangeti, nasi hatujui bulangeti lile linaficha nini. Pengine harufu inatuambia neno, lakini kwa heshima twanyamaza. Watu wa nyumba wanasema: «Padri, ni uzee tu.»

Katika makala hii tunataka kupima neno hilo, «ni uzee tu». Katika miaka mia na zaidi iliyopita wauguzi na waganga wamewachunguza wazee wanaolala, wameandika, wamehesabu, na wameonyesha jambo moja waziwazi: sehemu kubwa ya mateso ya wazee hao haitoki katika uzee wenyewe, bali katika kulazwa na kuachwa pahali pamoja. Kama ni hivyo, basi si jambo la waganga peke yao. Yule anayeingia nyumbani mwa mzee kila juma, ndiye katekista, au kila mwezi, ndiye padri, naye ana sehemu yake.

I. KIDONDA CHA KULALA NI NINI

Mtu mwenye afya hakai upande mmoja hata akilala usingizi. Usiku kucha anajigeuza, ananyosha mguu, anaukunja, bila kujua. Mwili wenyewe unamsukuma, kwa sababu nyama iliyobanwa kati ya mfupa na kitanda inakosa damu na kuanza kuuma. Lakini mzee aliyepooza, au aliyedhoofika sana, au asiyesikia tena maumivu vizuri, habadilishi upande. Pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi, yaani mwisho wa uti wa mgongo, kwenye nyonga, visigino, viwiko na mabega, damu haipiti tena. Nyama inakufa polepole, kisha kidonda kinafunguka. Hiki ndicho kidonda cha kulala. Katika Kifaransa chaitwa «escarre».

Tuangalie vema: mara nyingi nyama ya ndani, ile inayogusa mfupa, inakufa kwanza, na ngozi ya juu inapasuka nyuma. Kwa hiyo watu wa nyumba wanaona tundu dogo tu, na chini yake kuna pango. Uchafu unaingia, homa inatokea, na mzee aliyelala kwa sababu ya mguu tu anakufa kwa sababu ya kidonda.

Je, jambo hili linaepukika? Katika karne ya 19 wenye elimu walibishana sana juu yake. Katika mji wa Paris, kwenye Salpêtrière, nyumba kubwa iliyopokea wanawake wazee na maskini kwa maelfu, alifundisha mganga Jean-Martin Charcot, mwenye sifa katika Ulaya yote. Alisema kwamba vidonda vya wagonjwa waliopooza vinatoka katika ubongo na uti wa mgongo ulioharibika. Kwake, kidonda kikitokea upesi kwenye makalio, kilikuwa ishara ya mauti, na muuguzi hakuweza kufanya neno kubwa. Mganga mwingine, Charles-Édouard Brown-Séquard, alikuwa amepinga wazo hilo: aliwachukua simbilisi waliokatwa uti wa mgongo, akawalinda wasibanwe upande mmoja wala wasilowe mkojo, naye aliona kwamba vidonda havikutokea. Na katika Uingereza Florence Nightingale, katika kitabu chake cha 1859 juu ya kuuguza, aliandika kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kulala, kwa kawaida kosa si la ugonjwa bali ni la uuguzi.

Pande mbili hizi ziko hata leo katika vijiji vyetu. Upande mmoja wasema: «Ni uzee, tungoje.» Upande mwingine wasema: «Ni namna tunavyomlaza, tubadili.» Ilipasa mtu apime nani ana haki.

II. MGANGA ALIYEWAAMSHA WAZEE

Mwaka wa 1935, karibu na London, hospitali ya West Middlesex ilipewa nyumba ya jirani, iliyokuwa ya maskini wa serikali. Ndani yake walilala wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wazee. Mganga mwanamke, Marjory Warren, alipewa kazi ya kuwaangalia. Alikuta watu waliolala miaka mingi bila mtu kuwapima. Waliandikwa tu kuwa wagonjwa wasiopona, wakachanganywa pamoja: mwenye moyo mbovu, mwenye kupooza, mwenye akili iliyopotea, na yule asiye na ugonjwa wowote ila umaskini.

Warren alifanya kazi isiyo ya ajabu. Alimpima kila mmoja. Alimwandikia kila mmoja ugonjwa wake. Aliwatenga kufuatana na haja zao, akawainua kutoka kitandani, akawafundisha tena kukaa, kusimama na kutembea, akawapatia miwani na viatu. Wengi waliotazamiwa kufia pale walirudi nyumbani, au walihamia katika nyumba za wazee wenye nguvu. Mwaka wa 1943 na wa 1946 aliandika makala katika magazeti ya waganga. Kwa sababu hiyo watu wengi wamwita mama wa elimu ya kuganga wazee. Alikufa mwaka wa 1960.

Mwaka wa 1947 mganga mwingine wa London, Richard Asher, aliandika makala fupi juu ya hatari za kitanda. Alionyesha kiungo kwa kiungo namna kulala kunavyoharibu mwili: mapafu yanajaa, damu inaganda miguuni, mifupa inapungua, misuli inakauka, mkojo unakwama, na moyo wa mgonjwa unakata tamaa. Hapo kwanza kitanda kilihesabiwa kuwa dawa. Yeye alikionyesha kuwa kinaweza kugeuka sumu.

III. UCHUNGUZI WA WHITTINGTON

Lakini jambo linalotupasa kukaa juu yake ni uchunguzi ulioongozwa na muuguzi, si na mganga. Jina lake Doreen Norton. Pamoja na muuguzi mwenzake Rhoda McLaren na mganga wa wazee Norman Exton-Smith, alichunguza uuguzi wa wazee katika hospitali ya Whittington, kaskazini ya London. Kitabu chao kilitoka mwaka wa 1962. Siku zile watu wengi walidhani kwamba kuuguza wazee hakuna elimu ndani yake, ni kazi ya nguvu na ya uvumilivu tu. Norton alionyesha kwamba kazi hii ina maswali yake, na kwamba maswali hayo yaweza kujibiwa kwa kuhesabu.

Waliwafuata wagonjwa wazee 250 tangu siku ya kuingia hospitalini. Karibu mmoja kwa kila wanne alipata kidonda. Na wengi wao walikipata katika majuma mawili ya kwanza. Tushike neno hili: hatari kubwa haingoji miezi. Inakuja siku zile za kwanza mzee anapoanguka, anapolazwa, na jamaa wangali wanatafuta franka za dawa.

Kisha walipima dawa za kupaka. Wakati ule kila hospitali ilikuwa na desturi yake: moja ilisugua ngozi kwa pombe kali, nyingine kwa sabuni, nyingine kwa mafuta. Wauguzi waliamini sana desturi hizo, maana walizirithi kwa waliowafundisha. Uchunguzi ulionyesha kwamba dawa ya kupaka si jambo lenye nguvu. Jambo lenye nguvu ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, usiku na mchana, ili pahali palipobanwa papate damu tena.

Exton-Smith alikuwa amefanya uchunguzi mwingine pamoja na mwenzake Sherwin, uliotolewa mwaka wa 1961. Walifunga chombo kwenye vitanda vya wazee 50, chombo kinachohesabu kila mara mgonjwa anapojisogeza usiku. Wale waliojisogeza zaidi ya mara 50 kwa usiku mmoja, hata mmoja wao hakupata kidonda. Wale waliojisogeza mara 20 au pungufu, tisa kwa kila kumi walikipata. Wote walikuwa wazee. Kama uzee peke yake ungekuwa sababu, wote wangalipata vidonda sawasawa. Kilichowatenga si hesabu ya miaka yao, ni kule kujisogeza. Na yule asiyeweza kujisogeza mwenyewe, mtu mwingine aweza kumsogeza.

Hapa ubishi wa zamani ulipata jibu lake. Hatusemi kwamba kila kidonda ni kosa la mtu. Wauguzi wa leo wanakubali kwamba kwa mgonjwa aliye karibu kabisa kufa, mwili ukizimika wote, kidonda chaweza kutokea hata chini ya mikono mizuri. Lakini vingi vyaepukika.

IV. ALAMA TANO

Norton na wenzake waliacha pia chombo kidogo, ambacho wauguzi wa dunia nzima walikitumia. Ni maswali matano. Kila swali lina majibu manne, na kila jibu lapewa hesabu tangu 4, hali njema, mpaka 1, hali mbaya. Mwenye hali njema kabisa anapata 20, mwenye hali mbaya kabisa anapata 5. Mwenye 14 au pungufu yuko katika hatari. Katika uchunguzi ule, wagonjwa waliokuwa chini ya 12 karibu nusu yao walipata vidonda. Waliokuwa kati ya 18 na 20 ni wachache sana.

Hatutaki makatekista waende na karatasi ya kuhesabia. Lakini maswali haya ni njia njema ya kumwangalia mzee badala ya kumtazama tu.

Swali la kwanza: Hali ya mwili ni namna gani? Anakula? Anakunywa? Amekonda kuliko mwezi uliopita? Mzee asiyekula mayai, samaki wala maharagi, bali ugali kidogo na chai tu, ngozi yake haina nguvu, na kidonda chake hakifungi.

Swali la pili: Akili iko namna gani? Anajua nani ameingia? Au amenyamaza, hana shauku ya neno lolote? Au anachanganya mchana na usiku? Swali hili lina uzito wa pekee kwetu. Katika miaka ya 2008 na 2009 waganga walichunguza wazee karibu 1000, wenye miaka 65 na kupita, katika miji ya Bangui na Brazzaville. Waliona kwamba wazee 8 hivi kwa kila 100 katika Bangui, na 7 hivi kwa kila 100 katika Brazzaville, wana ugonjwa wa kupoteza akili. Ni ugonjwa wa ubongo, sawa na vile kupooza kulivyo ugonjwa wa ubongo. Lakini kwetu mama mzee anayetembea usiku, anayesema peke yake, anayesahau majina ya watoto wake, anaitwa mchawi upesi. Twajua mahali neno hilo linapofika: katika Kivu ya Kusini, mwaka wa 2021, wanawake kadhaa waliotajwa kuwa wachawi waliuawa. Na hata pale mzee asipopigwa, chakula chake kinawekwa mlangoni na hakuna anayetaka kumgusa. Mtu asiyeguswa hageuzwi. Hivyo neno la uchawi linaua mara mbili, kwa ulimi kwanza, kisha kwa kidonda.

Swali la tatu: Anatembea? Anatembea mwenyewe, au akishikwa mkono, au anakaa kitini tu, au hatoki kitandani?

Swali la nne: Kitandani au kitini pake, anajigeuza? Mtu aweza kudhani kwamba hili ni swali la tatu tena. Sivyo. Kuna mzee asiyetembea kabisa, lakini mikono yake ina nguvu. Anashika kamba iliyofungwa kwenye nguzo ya nyumba, anajiinua, anageuka. Huyu hayuko katika hatari kubwa. Na kuna mzee anayeinuliwa kila asubuhi na kuwekwa kitini uani, jamaa wanafurahi kwamba ametoka, lakini anakaa hivyo mpaka jioni bila kusogea. Huyu yuko katika hatari, maana uzito wote wa mwili umekaa juu ya makalio.

Swali la tano: Anaweza kujizuia kwa mkojo na choo? Ngozi iliyolowa inalegea na kukwaruzika upesi. Hapa haya ni kubwa. Mzee hatasema mbele ya padri, na mke wa mwanawe hatasema mbele ya baba mkwe. Mara nyingi mama wa Legio ya Maria ataambiwa neno ambalo sisi hatutaambiwa kamwe.

Baada ya Norton zimekuja hesabu nyingine, kama ile ya Waterlow ya 1985 na ile ya Braden ya 1987. Tena waliochunguza nyuma wanatuonya: haijaonekana wazi kwamba kuandika hesabu peke yake kunapunguza vidonda kuliko jicho la muuguzi mwenye ujuzi. Hesabu haiponyi. Inaamsha jicho, na jicho lapaswa kuamsha mkono.

V. NYUMBANI MWETU, BILA GODORO LA HOSPITALI

Wagonjwa wa Whittington walikuwa Wazungu, na vitabu vingi vya uuguzi vimesema: tafuta wekundu wa ngozi. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na kwa hiyo kidonda chaonwa kikiwa kimekwisha kuwa kirefu. Leo wauguzi wanafundishwa kutumia mkono pamoja na jicho. Pahali pa hatari palinganishwe na ngozi ya pembeni: pamekuwa peusi zaidi, au rangi ya zambarau? Pana joto zaidi, au baridi zaidi? Pamekuwa pagumu, au laini kama tunda lililoiva mno? Panauma pakiguswa? Jibu likiwa ndiyo, mzee asilale tena upande ule, na muuguzi wa kituo cha afya aitwe bila kungoja ngozi ifunguke.

Yale yanayofaa kufanywa nyumbani si ya gharama kubwa. Mzee ageuzwe kila baada ya muda wa saa mbili hivi: upande wa kuume, chali, upande wa kushoto. Akilala upande, asiegemee nyonga kabisa, bali awekewe nguo iliyokunjwa nyuma ya mgongo, ili ainame kidogo tu. Nguo nyingine iwekwe chini ya misuli ya miguu, ili visigino vibaki hewani. Asikokotwe juu ya mkeka, ainuliwe na watu wawili kwa kushika shuka. Maana kukokota kunachubua ngozi. Asafishwe kwa maji na akaushwe kwa upole kila mara akilowa. Anayekaa kitini asaidiwe kuinuka au kuegemea upande mwingine mara nyingi kwa siku. Apewe maji hata kama hayaombi.

Kuna watakaouliza: usiku je? Je, mke wa mwanawe, aliyelima mchana kutwa, ataamka kila saa mbili? Swali hili ni la haki. Katika nyumba za wazee za Marekani na Kanada uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2013, juu ya wazee zaidi ya 900, ulionyesha kwamba wale waliogeuzwa kila saa nne hawakupata vidonda kuliko wale wa kila saa mbili. Lakini tusidanganyike: wale walilala juu ya magodoro mazuri mazito, si juu ya mkeka wala kitanda cha miti. Tunachoweza kushika ni hiki: godoro likiwa jema, mikono inapata kupumzika kidogo. Kwa hiyo zawadi ya kumpa mzee wa namna hii ni godoro kwanza, kabla ya kitambaa kipya cha kuzikiwa.

Na kuna yale yasiyofaa. Pahali palipogeuka rangi pasisuguliwe, wala kwa mafuta, wala kwa pombe kali. Nyama ya ndani imekwisha kuumia, na kusugua kunaiumiza zaidi. Mzee asikalishwe juu ya duara la mpira, maana linabana damu kandokando. Majivu, mavi ya ng'ombe na unga wa vidonge visitiwe ndani ya kidonda. Haya yote yanafanywa kwa upendo, twajua. Lakini wale wauguzi waliosugua ngozi ya wagonjwa wao miaka mingi nao walifanya kwa upendo. Upendo wahitaji kufundishwa.

VI. SEHEMU YETU SISI

Ndugu mmoja katika seminari aweza kusema: «Sisi tumeitwa kwa kazi ya roho. Kugeuza wagonjwa ni kazi ya wauguzi.» Tumjibu kwa Kitabu cha Matendo, sura ya sita. Katika Yeruzalemu wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika ugawanyaji wa kila siku. Mitume hawakusema kwamba jambo hilo haliwahusu. Wala hawakuacha sala na kuhubiri ili wagawanye wenyewe. Walisikia manung'uniko, wakawaita waamini, wakachagua watu saba wenye sifa njema, wakawawekea mikono. Hiyo ndiyo njia yetu: kusikia, kuita, kupanga.

Kusikia, yaani kuuliza. Baada ya Komunyo, katekista amwulize mwenye kumtunza: «Analala upande gani? Mnamgeuza mara ngapi? Ngozi yake iko namna gani?» Asifunue mwenyewe bulangeti, maana heshima ya mzee ni sehemu ya afya yake. Ikiwa mgonjwa ni mwanamke, mama wa shirika aangalie. Majibu yaandikwe katika daftari kando ya jina, na yakiwa mabaya muuguzi aarifiwe siku ile ile.

Kuita, yaani kutomwacha mtunzaji peke yake. Katika nyumba nyingi mtunzaji ni mmoja, naye ni mwanamke. Akichoka, mzee ndiye anayeumia. Na akilaumiwa mbele ya watu, ataficha kidonda. Kwa hiyo neno la kwanza kwake lisiwe la hukumu, liwe la shukrani. Shirika la mtaa lenye jamaa kumi na tano laweza kugawana zamu: huyu anakuja asubuhi, yule anakuja jioni, vijana wawili wanamwinua mzee kwa shuka. Muuguzi wa kituo cha afya akialikwa siku moja, saa moja yatosha kuwafundisha wote.

Na juu ya Sakramenti. Tangu Papa Paulo VI alipotoa Sacram Unctionem Infirmorum, tarehe 30 Novemba 1972, Eklezia inatufundisha wazi kwamba Mpako Mtakatifu si wa saa ya kufa tu. Ibada yenyewe yasema kwamba wazee ambao nguvu zao zimepungua sana waweza kupakwa hata kama hawana ugonjwa wa hatari. Hata hivyo katika mahali pengi padri akionekana na mafuta, watu wanaanza kulia, na jamaa wanaacha kumlisha mzee, wakisema amekwisha kuagwa. Yatupasa kufundisha mara kwa mara: Mpako ni wa kumtia mgonjwa nguvu, na nyumba iliyomwona mzee wake akipakwa ina sababu moja zaidi ya kumtunza. Mafuta ya Sakramenti si dawa ya kidonda. Na dawa ya kidonda haichukui nafasi ya Sakramenti. Mwili mmoja unapokea vyote viwili.

Eklezia haikungoja hesabu za karne ya 20 ili ijue thamani ya mzee. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1839, katika Saint-Servan, nchi ya Ufaransa, Jeanne Jugan, aliyekuwa mtumishi wa nyumba, alimpokea mjane kipofu aliyepooza, Anne Chauvin, akampa kitanda chake mwenyewe. Kutoka kitanda kile lilizaliwa Shirika la Masista Wadogo wa Maskini, na Papa Benedikto XVI alimtangaza Jeanne kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Naye Papa Fransisko, mwaka wa 2021, aliweka Jumapili ya nne ya mwezi wa saba kuwa siku ya babu, bibi na wazee ulimwenguni kote. Siku ile maparokia mengi yanaimba na kuwapa wazee zawadi kanisani. Ni vema. Lakini wazee tuliosema juu yao hapa hawafiki kanisani. Siku ile ingefaa shirika zitume watu wawili wawili kwa kila jina la daftari, si na zawadi tu, bali na yale maswali matano.

Amri ya nne yatuamuru kuwaheshimu baba na mama, na Yoshua bin Sira, katika sura ya tatu, anamwonya mtoto asimdharau baba yake hata kama akili yake imepunguka. Zamani tuliielewa heshima hiyo kuwa ni salamu, zawadi na maziko makubwa. Wauguzi wametuonyesha kwamba heshima ina saa zake pia: saa ya kumgeuza upande wa kuume, saa ya kumgeuza upande wa kushoto, usiku, bila mtu kuona. Mtoto afanyaye hivyo anatii amri ya Mungu sawasawa na yule anayesali. Na mchunga wa roho anayemsaidia mtoto huyo asione kwamba ameacha kazi yake.